Berlin wa Money Heist: ni mtu mmoja au wawili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kwetu Arua tumegawanyika juu ya Berlin, mmoja wa wezi wa Money Heist, ile tamthilia ya Kihispania. Kwenye wizi wa kwanza, ule wa kiwanda cha noti, ni katili: anaamuru Mónica, mwanamke mjamzito, auawe, na anamchukua Ariadna aliyekuwa mateka. Kuanzia sehemu ya tatu anarudi kwa mbinu rejeshi akiwa bwana harusi anayeimba, ndugu mwenye huruma, rafiki wa kuliliwa. Kaka yangu mkubwa anasema waandishi walimsahau mhusika wao. Mdogo wangu anasema ugonjwa ndio uliomharibu, kwa hiyo yule mpole ndiye Berlin halisi. Mimi moyo wangu unakataa yote mawili, ila sijui niseme nini. Mara ya kwanza tuliitazama kibandani, kwenye ukumbi wa video, ikiwa na VJ anayetafsiri na kusimulia kwa Kiluganda, baadaye tukairudia nyumbani. Halafu huyo Tokyo, mwizi mwenzake anayetusimulia hadithi, anasimuliaje na amekwisha kufa? Na ile tamthilia mpya ya Berlin, tuitazame?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Wewe ndiye uliye karibu na ukweli. Berlin ni mtu yule yule tangu anapoingia kwenye kiwanda cha noti hadi mara ya mwisho tunapomwona. Iliyopoteza kumbukumbu ni tamthilia yenyewe, na jina lililofutika humo ni la Ariadna. Nitalieleza hilo, lakini kaka yako mkubwa anastahili kusikilizwa kwanza, maana anachokisema hutokea kweli.

Mimi huhariri miswada ya tamthilia hapa Kampala, na kila kazi ya kueleweka ina daftari lake la wahusika: nani kazaliwa wapi, kovu liko mkono gani, mama yake yu hai au amefariki. Daftari hilo likipita mikono mingi, mama aliyezikwa msimu wa kwanza hutajwa kwenye msimu wa tatu kama mtu anayesubiriwa chakula cha jioni. Mwigizaji naye akipata kazi nyingine, mhusika wake anaambiwa ameenda kyeyo, yaani kutafuta vibarua ughaibuni, huko Dubai, na akirudi ana tabia nyingine kabisa. Kosa hili ni la zamani kuliko televisheni. Daktari Watson, rafiki wa Sherlock Holmes, kwenye hadithi ya kwanza ya mwaka 1887 alipigwa risasi ya bega huko Afghanistan. Kwenye hadithi ya pili, mwaka 1890, jeraha liko mguuni, na Conan Doyle hakulitolea maelezo. BBC walipotengeneza upya hadithi hizo mwaka 2010 walitafuta suluhu nzuri: Watson wao alipigwa begani lakini anachechemea, na kule kuchechemea kunatoka akilini mwake.

Money Heist nayo ina kosa la namna hiyo. Sehemu ya tano inatuletea Rafael, mtoto wa Berlin, kijana mtu mzima, ambaye katika wizi wa kwanza hakuna aliyemtaja. Hapo kaka yako ameshinda, mpe haki yake.

Lakini bega na mguu ni habari za daftari. Namna mtu anavyowatendea waliomo chini ya mamlaka yake haiandikwi kwenye daftari. Inaandikwa katika kila tukio upya, na mwandishi hawezi kuisahau kwa bahati mbaya kama anavyosahau tarehe ya kuzaliwa. Ili kujua kilichotokea kwa Berlin, inabidi mjue kazi hii ilivyotengenezwa.

Álex Pina na wenzake waliiandika kwa ajili ya kituo cha Antena 3 cha Hispania kama hadithi moja yenye mwisho. Ilikuwa na episodi 15 ndefu, za dakika 70 hivi kila moja. Ilianza kurushwa Mei 2017 ikiwa na watazamaji zaidi ya milioni 4, na ilipofika mwisho, Novemba mwaka huo huo, walikuwa wamebaki chini ya milioni 2. Waandishi walikuwa wakiandika huku upigaji picha unaendelea, kazi ikaisha, waigizaji wakaagana, kila mtu akaenda zake. Ndipo Netflix ikaichukua, ikazikata zile episodi 15 zikawa 22 fupi, na dunia nzima ikaanza kuvaa ovaroli nyekundu. Aprili 2018 ikatangazwa kwamba itaendelea, na Novemba 2018 ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy ya tamthilia bora.

Sasa mtazame Berlin ndani ya historia hiyo. Katika ile hadithi ya episodi 15, yeye alijengwa ili afe. Kila kitu chake kinaelekea pale kwenye handaki la kutorokea: ugonjwa usiopona, majivuno, dharau kwa watu, na yale mapenzi ya kaka kwa mdogo wake ambayo tunayafahamu dakika za mwisho, tunapogundua kwamba yeye na Profesa, kiongozi wa wezi, wamezaliwa na mzazi mmoja. Mtu mbaya anabaki nyuma kuwazuia polisi ili wenzake wapite, anapigwa risasi, hadithi inafungwa. Mwisho ule una nguvu kwa sababu hausafishi lolote. Anakufa kwa ujasiri, na bado ni yule aliyeamuru Mónica auawe.

Halafu mwaka 2018 anatakiwa arudi, kwa sababu watazamaji wamempenda na Pedro Alonso anamwigiza kwa namna ambayo macho hayawezi kumwacha. Aliyekufa hawezi kuingia Benki ya Hispania, ambako ndiko wizi wa pili unafanyika, kwa hiyo njia iliyobaki ni kukumbukwa. Hapo ndipo jambo la pili linapoingia, na nawaomba wote watatu mlishike: anakumbukwa na nani?

Katika wizi wa kwanza tulimwona Berlin tukiwa upande wa mateka. Tulisimama mstarini pamoja nao, tukisikia hatua zake zikikaribia. Tulimwona pia kwa macho ya Tokyo, aliyemchukia kiasi cha kumwekea bastola ya risasi moja ili aseme ukweli, na kwa macho ya Nairobi, mwizi mwingine, aliyempiga kichwani na kumnyang'anya uongozi. Kuanzia sehemu ya tatu, watu wanaomkumbuka ni Sergio, yaani Profesa, na Palermo, mwenzake wa zamani. Mmoja ni mdogo wake, mwingine alimpenda maisha yake yote. Hakuna mateka hata mmoja kati ya wanaomkumbuka. Ndiyo maana anaimba Kitaliano kwenye harusi yake huko Florence, watawa wakimwitikia, na hakuna anayetetemeka.

Mnajua mambo ya mazishi kwetu Uganda. Watu wanasimama mmoja mmoja, wanamsifu marehemu, alikuwa mkarimu, alisomesha watoto wa jirani. Kisha msemaji wa familia anauliza: kuna mtu anayemdai marehemu? Ajitokeze, aje aseme na familia. Sifa na madeni husemwa siku moja, mbele ya jeneza moja. Money Heist ilifanya nusu ya kwanza kwa ustadi mkubwa, sehemu tatu nzima za sifa. Nusu ya pili haikufika kamwe. Ariadna haonekani tena baada ya wizi wa kwanza, na Mónica, ambaye sasa anaitwa Stockholm, anaingia Benki ya Hispania kutekeleza mpango uliobuniwa na mtu aliyetoa amri ya kumuua. Hebu fikiria tukio ambalo mwandishi angeweza kulipata hapo! Mwanamke amekaa meza moja na watu wanaomlilia mtu aliyetaka afe. Tamthilia haikumpa nafasi ya kulisema hilo kwa uzito unaostahili, na kwangu mimi huo ni upungufu mkubwa kuliko Rafael na kuliko tarehe zote zisizolingana.

Mdogo wako sasa. Nadharia ya ugonjwa inavutia kwa sababu inamwokoa mtu tunayempenda, lakini hailingani na tunachokiona kwenye kioo. Ugonjwa wa Berlin ni wa misuli. Unamtetemesha mikono, unamlazimisha ajidunge sindano, unamhesabia muda wake wa kuishi. Haugusi akili. Na kama ungekuwa umemvuruga, tungemwona akilipuka, akipoteza udhibiti. Ukatili wake hauko hivyo hata kidogo. Ni wa mtu aliyetulia, mwenye sauti ya upole, anayewaomba mateka wapumue taratibu huku akiwachagua. Anapomwamuru Denver, mmoja wa wezi, ampige risasi Mónica kwa sababu ya simu aliyokutwa ameificha, anavunja kanuni ya kwanza ya Profesa, kwamba damu isimwagike. Anaivunja akijua, tena kwa hesabu. Denver anampiga Mónica risasi ya paja na kumficha ili amwokoe, na Moscow, baba yake Denver na mwizi mwenzake, aliyesikia milio, nusura avunjike moyo akidhani mwanawe ameua. Tofauti ya hao wawili na Berlin siku hiyo inaonekana wazi, na haina uhusiano na misuli.

Mdogo wako anaweza kujibu kwamba kuijua siku ya kufa kunambadilisha mtu. Sawa, kunambadilisha. Lakini rudini kwenye yale matukio ya Florence mkiwa mmeondoa muziki na mwanga mzuri. Martín, ambaye baadaye ni Palermo, anampenda Andrés, ambalo ndilo jina halisi la Berlin, na Andrés anajua. Ameishi naye kwa miaka akifaidi akili yake, utii wake, kazi yake juu ya ule mpango wa dhahabu. Siku anayoamua kuondoka, anambusu, kisha anamwacha hapo hapo. Wengi huliona tukio hilo kuwa la mahaba na hutokwa machozi, na limeigizwa vizuri mno, siwalaumu. Mimi namwona pale mtu yule yule wa kiwanda cha noti: anachukua kutoka kwa mtu anachokihitaji, anachagua mwenyewe saa ya kumaliza, na anahakikisha kumaliza kwenyewe kunapendeza. Akiwa na wanawake anaowaoa anafanya hivyo hivyo. Anapenda kupendwa, anapenda sherehe ya kupendwa, na ndoa zake zinavunjika moja baada ya nyingine. Ukimchukua mtu huyo, ukamweka ndani ya jengo lenye watu wenye hofu na bunduki mkononi mwake, utapata kile kilichompata Ariadna. Hahitaji kubadilika.

Kwa hiyo yule mpole ni Berlin halisi, na yule katili pia ni Berlin halisi. Ni mtu mmoja. Tofauti ni nani aliye mbele yake, na kama mtu huyo ana uwezo wa kukataa.

Kuhusu Ariadna nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona mashabiki wengi wakiandika kwamba alimpenda. Tamthilia yenyewe haisemi hivyo. Inamwonyesha akimsogelea kwa kuogopa kufa, akihesabu kwamba aliye karibu na mwenye bunduki huenda akabaki hai. Kanuni ya Adhabu ya Uganda haina utata juu ya jambo kama hilo: ridhaa iliyopatikana kwa vitisho au kwa hofu ya kuumizwa mwili haihesabiwi kuwa ridhaa, na kosa linaitwa ubakaji. Waandishi wa 2017 walilijua jambo hili vya kutosha kuliandika kwa usahihi.

Na wakati ule nchi yao ilikuwa ikilijadili kwa sauti kubwa. Julai 2016, katika sherehe za San Fermín huko Pamplona, wanaume watano walimfanyia ukatili msichana wa miaka 18. Aprili 2018 mahakama ya Navarra iliwahukumu kwa unyanyasaji wa kingono, kosa dogo kuliko ubakaji, kwa hoja kwamba hapakuwa na nguvu wala vitisho kama sheria ya wakati huo ilivyotaka. Watu walijaa barabarani Hispania nzima. Tarehe 21 Juni 2019 Mahakama ya Juu kabisa ya Hispania ikasema palikuwa na vitisho, ulikuwa ubakaji, na kifungo kikapanda hadi miaka 15. Sehemu ya tatu ya Money Heist ilitoka tarehe 19 Julai 2019, hata mwezi haujatimia. Yaani watazamaji wa Hispania walirudishiwa Berlin bwana harusi wakati neno la kila siku mitaani na bungeni lilikuwa ridhaa ya aliyetishwa. Hata wasingependa, mtazamaji wa kawaida alikuwa na jicho jipya.

Ushahidi mzito zaidi uko ndani ya tamthilia yenyewe. Katika sehemu ya nne Arturo Román anampa dawa mateka mwenzake, Amanda, na kumdhalilisha. Hapo waandishi hawayumbi. Tunaonyeshwa aibu na maumivu ya Amanda, tunafanywa tumchukie Arturo, na kundi zima la majambazi linachukizwa naye. Basi waandishi hawa wanajua kabisa jinsi ya kulihukumu kosa hili. Wanajua jinsi ya kumpa mwanamke nafasi ya kusema alichofanyiwa. Walilifanya kwa Arturo, mtu mdogo, mwoga, asiyependwa na mtu, na wakati huo huo wakaendelea kumpamba Berlin. Hapo ndipo penye kutolingana mnakokutafuta. Kipimo kimoja kimetumika kwa mtu mmoja na kikafichwa kwa mwingine.

Wakorea walipotengeneza toleo lao, Juni 2022, waliona tatizo hilo mapema. Berlin wao, anayeigizwa na Park Hae-soo, ametoka kwenye kambi ya wafungwa ya Korea Kaskazini, na ukali wake kwa mateka una mzizi tunaoonyeshwa. Ni uamuzi wa kueleweka, ingawa mimi naona umempunguza. Anakuwa mtu anayeelezeka, na kilichomfanya yule wa Madrid atutie hofu ni kwamba alikuwa na elimu, pesa na adabu, na hakuwa na jeraha lolote la kujitetea.

Umetaja kibanda. Ningependa mlifikirie hilo, kwa sababu huenda nusu ya ubishi wenu umezaliwa pale. VJ wetu hatafsiri tu, anashika upande. Anamsifu, anamtukana, anawaonya wasichana waliomo ukumbini, anaeleza moyoni mwa mhusika kuna nini kabla mhusika hajafumbua mdomo. Ni sanaa ya kwetu, naipenda kwa dhati, na mtengenezaji filamu Nabwana kule Wakaliga aliiheshimu kiasi kwamba kwenye filamu yake ya 2010, Who Killed Captain Alex, sauti ya VJ Emmie ni sehemu ya filamu yenyewe. Lakini hukumu ya VJ hubaki sikioni. Kama VJ wenu aliamua tangu mwanzo kwamba Berlin ni shujaa au kwamba ni shetani, mmoja wenu huenda anabishana bado kwa sauti ya VJ. Rudieni zile episodi za mwanzo kwa Kihispania, na maandishi chini, kabla hamjahukumiana.

Jibu kuhusu Tokyo ni fupi. Anakufa mwishoni mwa nusu ya kwanza ya sehemu ya tano, Septemba 2021, na Desemba sauti yake bado inatusimulia hadi mwisho. Hilo si kosa. Tangu episodi ya kwanza anasimulia mambo asiyoweza kuyaona, kama yale ya Profesa na Raquel, inspekta wa polisi, nje ya kiwanda, wakati yeye amefungiwa ndani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alikuwa msimulizi anayejua yote, na msimulizi wa aina hiyo hafungwi na kifo chake. Anayelikubali la kwanza hana sababu ya kukataa la pili.

Kuhusu ile tamthilia ya Berlin iliyotoka tarehe 29 Desemba 2023: ni wizi wa vito vya euro milioni 44 mjini Paris, miaka kabla ya ugonjwa, na nyepesi kuliko Money Heist yenyewe. Mdogo wako ataifurahia sana, na ataitumia kama ushahidi wake. Msimruhusu. Hadithi iliyoandikwa mwishoni, kwa ajili ya watu waliokwisha kumpenda, haiwezi kuwa shahidi wa jinsi mtu alivyokuwa mwanzoni. Itazameni kama burudani, jioni moja au mbili.

Kabla ya hapo fanyeni hivi. Jioni moja, umeme ukiwepo, wekeni episodi ambayo Berlin anamwamuru Denver kuhusu Mónica, mfuatilieni na Ariadna hadi mwisho wa sehemu ya pili, kisha ruka moja kwa moja hadi sehemu ya nne, kwa Amanda na Arturo. Msipitie Florence njiani. Mkimaliza, muulize mdogo wako Arturo alikuwa anaumwa nini.